Ukumbi na Baraza

Wahakiki wetu wa tamthilia hulitumia neno "ukumbi" kana kwamba halina historia. Katika nyumba ya Mswahili ukumbi ulikuwa sehemu ya mbele, mahali pa kumpokelea mgeni ambaye bado hajakaribishwa ndani. Leo maana iliyotawala ni ile ya jumba lenye viti vilivyopangwa safu safu, vyote vikielekea jukwaani. Maana hiyo haina kosa. Kosa ni kuipeleka kila palipo na wasikilizaji.

Tutazame baraza. Kwanza ni kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kama vionekanavyo hata sasa Lamu na katika Mji Mkongwe wa Unguja. Wakaao hapo hutazamana, na wapitao njiani huwasikia. Msemaji hana mahali pake peke yake. Amalizapo, aliye kando yake huipokea kauli, akaitengeneza au akaikataa. Kutoka hapo jina lilipanda hadi kwa Sultani apokeaye watu wake, na hadi Baraza la Mawaziri. (Sikatai kwamba katika kupanda lilipoteza kitu: baraza la chifu katika Kenya ya ukoloni mara nyingi lilikuwa la kusikiliza amri tu.)

Tofauti hii yaugusa uhakiki. Mwalimu Julius Nyerere alipoitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, alituletea kwa Kiswahili lile tendo la tatu ambamo Brutus, na baada yake Antony, wanasema na umma wa Roma. Umma ule haunyamazi. Hujibu, hudai kusomewa wasia, hugeuka, kisha huondoka kwenda kuchoma nyumba. Nimesoma insha za wanafunzi ziuitazo umati huo "hadhira", na papo hapo zikawaita hadhira wale walioketi kimya ukumbini wakiutazama. Neno moja limefunika hali mbili zinazopingana, na ladha ya tendo lenyewe imepotea: kwamba walio ukumbini wanaonyeshwa baraza, wala hawana ruhusa ya kuketi humo.

"Hadhira" ni ndugu wa "hudhuria". Ladai kuwapo tu. Kwa umati wa Roma kuwapo hakutoshi. Mimi ningewaita wanabaraza, ijapokuwa walikutana uwanjani, na wengi wao walisimama.