Mfasiri Aliyekataa Utamu

Katika Hispania ya karne ya 12, Wayahudi wengi walisali kwa Kiebrania na kuandika falsafa kwa Kiarabu. Watawala wa Almohad walipowabana wasio Waislamu, familia nyingi zilihama. Maimonides, mzaliwa wa Cordoba, aliishia Misri. Judah ibn Tibbon alitoka Granada akahamia Lunel, kusini mwa Ufaransa. Huko Wayahudi wenzake walisoma Kiebrania, lakini Kiarabu hawakukijua. Vitabu hivyo vya imani vilikuwa kwao kama sanduku lililofungwa.

Samuel, mwana wa Judah, ndiye aliyetafsiri kwa Kiebrania kitabu cha Maimonides, Mwongozo wa Wanaotatizika, kilichoandikwa kwa Kiarabu kwa herufi za Kiebrania. Mwaka 1199 Maimonides alimwandikia akimshauri asifuate neno kwa neno, bali aelewe maana kwanza, kisha aieleze vizuri. Tafsiri ilikamilika 1204, mwaka ambao Maimonides alifariki.

Tukiipima kwa ushauri ule, tafsiri ya Samuel ina kasoro. Sentensi zake zimebeba mpangilio wa Kiarabu, na msomaji hukwama. Judah al-Harizi naye alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiebrania kitamu zaidi, na tafsiri yake ndiyo iliyozaa ile ya Kilatini iliyowafikia wanateolojia wa Kikristo. Lakini utamu huo uligharimu usahihi.

Ndiyo maana tunasimama na Samuel. Yeye hakumwacha msomaji gizani: alitunga kitabu cha kufafanua maneno mageni aliyoyatumia, moja baada ya jingine. Walawi wa Nehemia 8 walifanya vivyo hivyo. Torati ilisomwa kama ilivyo, kisha watu wakaelezwa maana yake. Haikupunguzwa ili iwe nyepesi.

Somo hili latuhusu sisi tunaohubiri. Ni rahisi kulainisha neno gumu, kama toba au msalaba, hadi washarika waondoke wakitabasamu bila kujua kilichoachwa nje. Familia ya Ibn Tibbon ilipoteza nchi yake, na kizazi kilichofuata kilikua kati ya watu wa lugha nyingine. Hata hivyo haikuwapa majirani wapya imani iliyopunguzwa uzito. Neno gumu likifuatana na maelezo ya subira ni heshima kwa msikilizaji, kwa kuwa linamwamini kwamba anaweza kujifunza.