Hera, Tanzania na matundu ya Battlestar Galactica



Kila yanapoguswa makosa ya kisayansi katika tamthilia za angani, hatokosekana mmoja wa kusema, "Ah, filamu tu hiyo bwana." Hoja hii nusu yake naikubali. Meli kuruka kutoka nyota hii hadi ile kwa kufumba na kufumbua, mie sina ugomvi nayo. Hayo ndiyo masharti ya hadithi, kama ilivyo pete ya jini. Ugomvi wangu unaanza pale hadithi inapovunja masharti iliyojiwekea yenyewe, au inapotoka ndotoni ikaja kutusomesha sayansi yetu sisi, tena ikaikosea.

Mfano wangu ni Battlestar Galactica, ile ya Ronald D. Moore iliyomalizika Machi 2009. Sikuichagua kwa ubovu wake. Ni katika zilizo bora kabisa. Moore aliwahi kufanya kazi kwa muda mfupi katika Star Trek: Voyager, ambamo tunaambiwa mapema kwamba meli ina makombora 38 na haina njia ya kupata mengine, kisha kwa misimu saba yanarushwa kama njugu na hakuna anayehesabu. Galactica ikafanya kinyume. Rais ana ubao wa kuandika idadi ya manusura, na sehemu iitwayo "33" inaishia kwenye 47,973, kwa kuwa kuna mtoto kazaliwa. Maji yakipungua, kisa kizima ni maji. Rais Roslin anafika hadi ya kupiga marufuku kutoa mimba kwa sababu ya hesabu hiyo hiyo.

Sasa watu hao hao, walohesabiana kichwa kwa kichwa misimu yote minne, wanafika kwenye sayari yetu, Lee Adama anatoa wazo, na wote wanakubali meli zao zirushwe ndani ya jua, wabaki na vya kubeba mkononi. Hakuna mama mwenye mtoto mgonjwa aliyepinga? Waandishi walilihisi tundu hilo, ndiyo maana wamemtia Romo Lampkin maneno ya kushangaa jinsi watu walivyokubali kirahisi, na Admirali Adama anamjibu kwa sentensi moja, basi. Mhusika akishangaa, tundu halijazibwa. Limeonyeshwa kwa kidole.

Lakini lililonikera khasa ni zile dakika za mwisho. Tunapelekwa miaka 150,000 mbele, mjini New York, na tunasomewa kwamba wanaakiolojia wamepata mabaki ya msichana aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na huenda ndiye "Hawa wa mitokondria". Mtazamaji anajua kuwa ni Hera, mtoto wa baba binadamu na mama Cylon.

Hebu tulitazame hili. Hawa huyo hakuchimbwa na mtu. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walilinganisha DNA ya mitokondria ya watu 147 wa zama zetu, wakarudi nyuma kwa hesabu hadi kwa mwanamke mmoja aliyeishi Afrika kiasi cha miaka 200,000 iliyopita. Ni nukta ya hesabu, hana kaburi. Hata ukiuokota mfupa wake, utajuaje kuwa ndiye? Wala hakuwa mwanamke pekee wa wakati wake. Ni kwamba mstari wa mama kwenda kwa mama unakutana kwake tu.

Tena mitokondria hurithiwa kwa mama. Kwa hiyo ya Hera ni ya Cylon, imeundwa huko mbali, na sisi sote ndiyo tuliyoirithi. Haya, basi isingekuwa na undugu na ya kiumbe yeyote wa hapa. Walakin ya kwetu inakaa kwenye mti mmoja na ya binadamu wa Neanderthal, iliyosomwa yote na kuchapishwa Agosti 2008, na kwa mbali zaidi ya sokwe. Jibu lilikuwa mezani miezi saba kabla! Baltar anasema ni mkono wa Mungu. Sawa, lakini mkono huo ukishaingia, ule ubao wa manusura ulikuwa wa nini?

Na wenyeji je? Mifupa ya Herto, Ethiopia, iliyotangazwa 2003, ina kiasi cha miaka 160,000, na ya Jebel Irhoud, Morocco, ikatangazwa 2017 kuwa inafika kiasi cha 300,000. Yaani Afrika ilikwisha kuwa na watu kama sisi. Katika Galactica wanaonekana kwa darubini, kwa mbali, hakuna asemaye neno, huku wageni wakishauriana watawapa sehemu ipi bora ya nafsi zao. Tuliosoma historia ya kikoloni tunaijua hadithi hii; Great Zimbabwe nayo iliwahi kusemwa imejengwa na Wafoinike. Moore sidhani alikusudia hivyo, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi: alihitaji tu mahali patupu pa kumalizia kisa chake, akapaita Tanzania.

Mwenye kuitetea kwa zile meli nitamsikiliza. Kwa mitokondria, aje na karatasi na kalamu.

Wasalaam.