Mkono Mmoja Nyuma: Kuyapima Masharti ya Amin

Novemba 1978, majeshi ya Uganda yakiwa yamevuka mpaka na kuikalia Kagera nchini Tanzania, Rais Idi Amin alitoa pendekezo kwa Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere: wakutane ulingoni, wamalize ugomvi kwa ngumi, askari wasife vitani. Akaweka na masharti. Mwamuzi angekuwa Muhammad Ali. Yeye Amin angefungwa mkono mmoja nyuma na kutiwa vitu vizito miguuni, ili Nyerere mwenye umbo dogo naye apate nafasi.

Wengi wamelicheka pendekezo hilo wakalipita. Mimi nalisoma kama mkataba wa pambano, kwa sababu aliyelitoa aliujua mchezo. Amin, Mkakwa ambaye asili ya baba yake ni Koboko, aliingia jeshi la kikoloni la Uingereza, King's African Rifles, mwaka 1946, na kuanzia 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa Uganda katika daraja lililo chini ya uzito wa juu. Alijua uzito unafanya nini ulingoni na mwamuzi ana kazi gani. Basi masharti yake tuyapime kwa vipimo vya ngumi zenyewe. Vipimo hivyo vitamfaa kijana yeyote wa Arua au Koboko, huko West Nile, atakayewekewa karatasi mezani na promota.

Kanuni za ngumi za kulipwa haziamui kila kitu. Zinaacha nafasi ya makubaliano: uzito ambao si wa daraja lolote, aina ya glovu, upana wa ulingo, idadi ya raundi, mgawo wa pesa. Ndani ya nafasi hiyo pambano linaweza kuelemea upande mmoja kabla kengele haijalia.

Anayetoa anapoteza nini?

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Las Vegas, na Waganda wamo ndani yake. Machi 10, 1986 John Mugabi alimpa Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati, usiku mgumu sana kabla ya kuangushwa raundi ya 11. Sugar Ray Leonard, aliyemshinda Ayub Kalule mwaka 1981, alikuwa ukumbini. Aliona Hagler ameanza kupungua, akaamua kurudi ulingoni kupambana naye.

Kambi ya Leonard iliomba mambo matatu: raundi 12 badala ya 15, glovu za wakia 10 badala ya 8, na ulingo mpana wa futi 20. Kila ombi lilikuwa na hesabu yake. Ulingo mpana humpa mwenye miguu miepesi mahali pa kuzungukia. Glovu nene hupunguza ukali wa ngumi ya mpigaji mzito. Raundi tatu zikiondolewa, aliyekaa nje ya mchezo kwa muda mrefu anaepushwa na uchovu wa mwisho. Hagler alikubali yote, na badala yake akachukua fungu kubwa zaidi la pesa. Aprili 6, 1987 Leonard alishinda kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja, na Hagler hakupigana tena.

Makubaliano yale yalikuwa ya kweli kwa sababu kila upande ulitoa kitu chenye thamani kwake. Sasa yaweke masharti ya Amin kando yake. Bondia aliyefungwa mkono mmoja amepoteza nusu ya mashambulizi, kinga ya upande mzima na usawa wa mwili. Kwenye karatasi ni sadaka kubwa mno. Lakini Amin alijua pambano lile halitafanyika, kwa hiyo sadaka haikumgharimu chochote. Kitu chenye thamani kilichokuwa mikononi mwake kilikuwa ardhi ya Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800 ambazo alitangaza kuwa ni za Uganda. Pendekezo halikusema majeshi yataondoka lini. Hiyo ndiyo mbinu ya kuangalia: mtu anapokuwa mkarimu kupita kiasi katika jambo moja, tafuta jambo ambalo amelinyamazia.

Mwamuzi anachaguliwa na nani?

Jina la Ali lilichaguliwa kwa akili. Septemba 15, 1978 alikuwa amemshinda Leon Spinks na kuwa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu, na Afrika nzima ilimpenda. Lakini mwamuzi hawi wa haki kwa sababu ya sifa zake tu. Katika ngumi za kulipwa hupangwa na kamisheni inayosimamia, na kila kambi ina nafasi ya kumpinga. Hapa jina lilitajwa na upande mmoja, nao ndio uliotunga kanuni na kuwataja wapiganaji.

Ali mwenyewe alikuwa amekwisha kuonja hatari ya kanuni zinazotungwa kwa ajili ya usiku mmoja. Juni 26, 1976, mjini Tokyo, alikutana na mpiga mieleka Antonio Inoki. Inoki alitumia sehemu kubwa ya raundi 15 akiwa chini, akimpiga mateke miguuni. Matokeo yakawa sare, na Ali akatoka na miguu iliyojeruhiwa. Sharti jipya lisilojaribiwa huacha mwanya, na mwenye njaa ya ushindi huuona kwanza.

Nani atamwadhibu mvunjaji?

Aprili 2025 jijini London, bondia Chris Eubank Jr alizidi kikomo cha uzito wa pauni 160 kwa sehemu ndogo sana ya pauni kabla ya kupigana na Conor Benn. Alitozwa dola 500,000. Mkataba ulitaja kosa, kipimo na adhabu, na palikuwa na watu wenye mamlaka ya kuitoza. Masharti ya Amin hayakuwa na mtu wa namna hiyo. Angeifungua kamba katikati ya raundi, nani angemzuia?

Nani analipa?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Mwaka 2023 Ryan Garcia alikubali kupigana na Gervonta Davis kwa uzito wa pauni 136, na asubuhi ya pambano asizidi 146. Aliangushwa raundi ya saba kwa ngumi ya mwilini. Kubana uzito namna hiyo ni hatari kwa mwili, lakini angalau aliyetia sahihi ndiye aliyelipa.

Mwaka 1978 waliolipa hawakuulizwa. Walianza wakulima wa Kagera. Kisha gharama ikaja nyumbani kwa Amin. Juni 3, 1979, Watanzania walipofika mpaka wa Sudan na vita kwisha, Amin alikuwa amekwisha kuikimbia nchi. Waliobaki West Nile walibebeshwa jina lake. Watu kwa maelfu walikimbilia Sudan na Zaire, na Juni 24, 1981 raia waliojihifadhi kwenye misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali mpya.

Nyerere hakukaa kwenye meza ile. Katika ngumi, kukataa ni sehemu ya mazungumzo, na mara nyingine ndiyo sehemu yenye busara kuliko zote.

Kwa hiyo, bondia wa Arua au Koboko, kabla ya kutia sahihi sharti lolote lililo nje ya kanuni, uliza maswali hayo manne kwa sauti mbele ya kocha wako na mzazi wako. Promota mwaminifu atakujibu yote kwa maandishi. Asiyeweza kujibu hata moja, mrudishie karatasi yake, hata kama ahadi iliyo juu yake ni kubwa kiasi gani.