Mgeni, Mwenyeji na Ngoma ya Kulipiwa: Uhakiki wa Istilahi "Utalii wa Jamii"

Istilahi "utalii wa jamii" imezoeleka mno katika hotuba za viongozi, katika vijitabu vya mahoteli na katika taarifa za mashirika, hata ni nadra kumwona mtu akisita kuuliza maana yake. Lakini mwanafunzi yeyote wa sarufi ya Kiswahili atatambua mara moja kwamba ina utata ndani yake. Kiungo cha -a unganifu hakielezi uhusiano mmoja tu baina ya nomino mbili. "Mauaji ya simba" yaweza kuwa mauaji aliyoyafanya simba, na yaweza vilevile kuwa mauaji aliyofanyiwa. Vivyo hivyo "utalii wa jamii" waweza kuwa utalii ambao jamii ndiyo inayoumiliki na kuuendesha, au utalii ambao jamii ndiyo inayotazamwa. Katika maana ya kwanza jamii ni mtenda. Katika maana ya pili ni mtendwa, sawa na twiga na tembo. Dhuluma nyingi zinazofanyika katika maeneo ya Wamaasai, Wasamburu na Waendorois hupata maficho yake katika utata huo: jambo hutangazwa kwa maana ya kwanza, likatendwa kwa maana ya pili.

Mfano uliochunguzwa kwa makini sana na wataalamu ni ule wa shamba la Mayers katika Bonde la Ufa, mwendo mfupi kwa gari kutoka Nairobi. Edward Bruner na Barbara Kirshenblatt-Gimblett walifanya utafiti wao huko mnamo 1984, na makala yao, "Maasai on the Lawn", ikachapishwa 1994. Familia yenye asili ya Uingereza ilikuwa ikiwaonyesha watalii vijana wa Kimaasai wakicheza ngoma za kivita katika boma lililokuwa papo hapo shambani. Onyesho lilipokwisha, watalii waliongozwa hadi kwenye uwanja wa nyasi mbele ya nyumba ya wenye shamba, wakaandaliwa chai na vitafunio. Wachezaji walikatazwa kuvaa saa, fulana au kitu chochote ambacho kingemkumbusha mtazamaji kwamba nao waliishi katika karne ya ishirini. Hatimaye serikali ya Kenya ililifunga onyesho hilo, nalo kwa hakika lilikuwa likinuka ukoloni.

Bruner, hasa katika makala yake ya 2001 iliyolinganisha shamba hilo na Bomas of Kenya pamoja na onyesho la jioni la hoteli moja huko Mara, anakataa kuuliza kama ngoma ya watalii ni halisi au ni ya bandia. Kwake yeye kila onyesho ni tendo jipya lenye maana yake. Hoja hii ina nusu ya ukweli, tena nusu iliyo muhimu. Wachezaji wale hawakuwa wajinga waliodanganywa. Walijua kwamba wanaigiza, kama ajuavyo mwigizaji yeyote wa tamthilia. Kuwadai wacheze "uasilia" mtupu ni kuwarudisha katika amri ile ile ya kuvua saa.

Hata hivyo, mhakiki aliyelelewa katika fasihi simulizi ya Kiafrika hawezi kuishia hapo. Utendaji una pande mbili, fanani na hadhira, na baina yao kuna lugha. Hadhira huitikia, hukosoa, huongeza ubeti, hucheka mahali panapochekesha. Mbele ya watalii pande mbili zipo, lakini lugha imeondolewa. Wimbo wa kusifu ng'ombe na wimbo wa kumkejeli mgeni vyote humfikia mtalii kama mvumo mmoja. Maudhui yamekufa masikioni mwake, na fani imebaki peke yake: rangi nyekundu, shanga, urefu wa kuruka. Pengine katika hali hiyo fanani hupata uhuru wa siri wa kusema atakalo. Lakini ni uhuru wa mtu asiyesikilizwa, na mwenye kuieleza ngoma kwa mgeni si yeye. Ni dereva wa gari la watalii, ambaye mara nyingi hakijui Kimaasai, na ambaye ugavi wake wa kiingilio cha boma umekuwa chanzo cha manung'uniko ya siku nyingi katika vijiji vinavyopakana na Mara.

Tazama pia yaliyotendeka kwa maneno. Katika Kimaasai makao ya kawaida ya watu na mifugo ni enkang. Emanyatta ni makao maalumu ya ilmurran, yanayohusiana na daraja lao la umri na sherehe zao. Lugha ya utalii imelitwaa neno la pili na kulibandika kwenye kila kijiji cha kando ya lango la hifadhi, wakiwamo humo bibi vizee na watoto. Hili si kosa dogo la wasiojua lugha. Kijiji kikiitwa manyatta, kila mwanamume aliyemo huwa askari, na mkulima wa mahindi au mwalimu wa shule ya msingi hana mahali pa kusimama. Kiswahili chenyewe hakikusalimika. Katika onyesho lile la Mara alilolieleza Bruner, watalii waliburudishwa kwa wimbo wa hoteli za pwani wenye maneno "hakuna matata", maneno ambayo baada ya filamu ya 1994 yalifanywa alama ya biashara huko Marekani ya kuuzia nguo. Mgeni husikia kutoka kwa wenyeji kile kile alichokisikia katika sinema kabla ya kupanda ndege.

Na hapa neno "mwenyeji" linastahili kupimwa. Asili yake ni "mwenye mji": mwenye makao, aliye na uwezo wa kumkaribisha mtu na uwezo wa kumwambia arudi kesho. Methali "mgeni njoo, mwenyeji apone", ambayo hupendwa sana na wanenaji wa utalii, inachukulia kwamba mwenyeji anao mji. Katika shamba la Mayers mwenyeji alikuwa nani? Aliyemiliki nyasi na kuandaa chai. Mmaasai, ambaye wazee wake waliondolewa katika sehemu kubwa ya malisho ya Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904 na katika Laikipia kwa ule wa 1911, alikuwa mtumishi wa karamu ya mtu mwingine.

Waendorois wa Ziwa Bogoria waliondolewa katika ardhi yao kuanzia 1973 ili pawe hifadhi ya wanyama. Walipoteza malisho, na pia mahali pao pa ibada na matambiko. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwezi wa Februari 2010, uliwapa haki: warudishiwe ardhi, wafidiwe, na walipwe mrabaha utokanao na shughuli za uchumi zilizomo. Utekelezaji umekwenda kwa mwendo wa kobe. Muhimu kwa hoja hii ni kwamba Tume iliutazama utamaduni na ardhi kwa pamoja. Kabla ya kuuliza kama ngoma ni nzuri, iliuliza uwanja ni wa nani.

Kwa kipimo hicho, nyumba ya wageni ya Il Ngwesi huko Laikipia, iliyofunguliwa 1996 katika ardhi ya ranchi ya jamii na kumilikiwa na jamii yenyewe, inakaribia maana ya kwanza ya istilahi yetu. Hifadhi za kukodishwa zilizoizunguka Mara ziko katikati: mwenye hati hulipwa kodi ya kipande chake, lakini malisho huwekewa masharti, na kwa kuwa hati nyingi zimeandikwa majina ya wanaume, mwanamke aliyejenga nyumba inayopigwa picha huishia kutegemea shanga zake.

Lakini hata Laikipia swali la lugha halijakwisha. Jirani na Il Ngwesi, katika msitu wa Mukogodo, wanaishi watu ambao mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wawindaji na warina asali wakisema Kiyaaku, lugha ya Kikushi. Katika miaka ya 1920 na 1930, walipochukua ufugaji na kuoana na majirani zao, walihamia Kimaasai. Utalii haukuwapo, wala hauwezi kulaumiwa kwa hilo. Mwanzoni mwa karne hii waliobaki wakiijua lugha hiyo walikuwa wazee wachache mno. Vijana kadhaa wamejaribu kuifufua, na kazi yao ni ngumu, maana mgeni aliyelipa nauli kuja Kenya amelipia Mmaasai. Akionyeshwa ngoma ya kuruka ukingoni mwa msitu ule, hana njia ya kujua kwamba babu za wachezaji waliitaja asali kwa jina jingine.