Kipimo ni Tundu

Asubuhi, boti za dagaa zikishamaliza kushusha mzigo katika mwalo wa Kirumba, Mwanza, ufukweni hubaki watu ambao mnunuzi mwenye haraka huwapita bila kuwatazama. Wamekaa chini, miguu wameinyoosha, wavu wameunasa kwa kidole gumba cha mguu ili ukazike, na mkononi wana sindano pana ya plastiki iliyoviringishiwa uzi. Wanashona nyavu. Wenyewe hawasumbuki na umoja na wingi: nyavu hii, nyavu moja, nyavu yangu. Sarufi ya darasani inataka wavu upasuke na nyavu zipasuke. Mwaloni imepasuka tu, na kazi inaendelea.

Kitu kilicho mapajani mwao Kiingereza hukiita kwa herufi tatu: net. Neno hilohilo humkinga mtoto na mbu, hupokea mpira wa mshambuliaji, hufunika nywele za mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara, na kwenye mfuko wa mchele huonyesha uzito usiohesabu mfuko wenyewe. Hilo la uzito, kwa kweli, ni neno jingine lililofanana kwa sura. Liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, ambako maana yake ni safi, na mizizi yake iko katika Kilatini. Wavu wa mvuvi ni neno la kale la asili ya Kijerumaniki. Maneno mawili yasiyo na undugu yalikutana katika tahajia moja, na leo mvuvi na mhasibu wanalitumia bila kugongana.

Mwaka 1755 Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa jijini London, alilieleza neno la Kiingereza network, yaani kazi ya wavu, kwa maneno mazito kuliko kitu chenyewe, na wasomaji wamemcheka kwa hilo tangu hapo. Wamemwonea. Katika maelezo yake magumu hakusahau nafasi zilizo wazi kati ya makutano ya nyuzi, na hapo alisimama karibu sana na watu wa Mwaloni. Mvuvi wa Mwanza akitaja nyavu yake hataji uzi kwanza. Hutaja tundu: nyavu ya inchi tano, ya inchi sita, ya inchi saba. Tundu ndilo linaloamua ni samaki gani atakayepita na yupi atakayebaki. Wavu halali wa dagaa una matundu ya milimita 8 hadi 10 hivi. Wa sangara una tundu la kupitisha ngumi. Ukichanganya hivyo viwili umeharibu safari, pengine na ziwa.

Ndiyo maana ushonaji wa nyavu ni kazi ya kipimo kabla ya kuwa kazi ya vidole. Kamongo mwenye meno makali akiutafuna wavu, au kisiki kikiurarua, au magugu maji yakiubeba na kuusokota, mgeni hudhani dawa ni kuunganisha kingo mbili kama nguo iliyochanika. Fundi hufanya kinyume. Huchukua kisu na kulipanua pengo. Hukata nyuzi zilizolegea, moja baada ya moja, mpaka afike kwenye fundo zima ambalo anaweza kulitegemea. Hapo ndipo sindano inapoingia. Anapitisha uzi, anaupima kwa kidole au kwa kipande cha ubao, anafunga fundo linalozidi kukaza kadiri linavyovutwa, anashuka tundu moja, anapima tena. Tundu jipya likiwa dogo kuliko jirani zake, wavu utavutika upande mmoja. Likiwa kubwa, samaki watalijua kabla ya mwenye boti.

Na wavu hauingii majini kama ulivyotoka dukani. Wavu wa kutega huvalishwa kamba mbili, ya juu yenye maboya na ya chini yenye uzito, na hapa ndipo stadi anapojitenga na mwanafunzi. Wavu wa mita 100 ukivutwa wote hushonewa kwenye kamba ya kama mita 50. Nusu nzima imekunjwa ndani ya mshono, ili kila tundu likae wazi mfano wa almasi. Ukivutwa mno, matundu hufumba, na samaki hugonga ukuta na kugeuka. Ukilegezwa mno, huning'inia kama shuka iliyolowa na kumviringisha samaki badala ya kumshika mashavuni. Hakuna mashine ufukweni inayofanya hesabu hiyo. Iko katika mikono, na mikono hiyo inastahili heshima tunayowapa maseremala na wahunzi.

Ziwa lenyewe limeandikwa kwa matundu. Kabla ya nyavu za kigeni kulikuwa na migono ya matete na mitego ya mafunjo. Nyavu za kutega zilizofumwa kwa kitani ziliingia mwaka 1905 upande wa ghuba ya Kisumu, zikaenea haraka. Mwaka 1927 na 1928 mtafiti wa uvuvi Michael Graham alilipima ziwa lote, akaona sato anapungua, akashauri tundu lisipungue inchi tano. Kisha, katika miaka ya 1950, ikaja nailoni isiyooza, na katika miaka hiyohiyo na iliyofuata sangara akapandikizwa. Furu wa aina nyingi wakatoweka. Tangu hapo mabishano kati ya maofisa na wavuvi yamezunguka hapohapo: makokoro yanayokwangua chini, nyavu za uzi mmoja, vyandarua vya mbu vinavyogeuzwa kuvulia. Hilo la mwisho linaumiza zaidi, maana kitambaa kilichofumwa kumwokoa mtoto na malaria hukamata samaki wachanga ambao bado hawajawa samaki.

Kiswahili hakikuziacha kazi hizi zote zikae chini ya neno moja. Cha kitandani ni chandarua, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi, ingawa mitaani Mwanza wengi husema neti. Nyavu zilizopangwa ndani ya fremu ziwani kufugia sato ni vizimba. Serikali ya Tanzania ilipouanzisha kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) mpango ambao Kiingereza huuita wavu wa usalama, Kiswahili hakikutafuta wavu wowote; kikasema Kunusuru Kaya Maskini, na kila mama wa kijijini akaelewa. Mpira, hata hivyo, umebaki na mvuvi. Katika uwanja wa CCM Kirumba, usio mbali na mwaloni, mshambuliaji akifunga bao mtangazaji husema amecheka na nyavu, na mji wa wavuvi hauhitaji ufafanuzi.

Tafsiri iliyofana kuliko zote ni ya network: mtandao. Imetoka katika kutanda, kitendo cha wingu, cha buibui, na cha wanawake wa pwani wanaoingia maji ya magoti na kanga mikononi kutanda uduvi. Aliyechagua neno hilo kwa ajili ya kompyuta hakuiga herufi za Kiingereza. Alirudi kwenye mzizi, akakuta humo tayari kuna uvuvi. Leo mchuuzi wa dagaa Kirumba anapokea fedha kwa mtandao akiwa amesimama juu ya nyavu zilizoanikwa, na maneno hayo mawili hayamtatizi.

Kazi ya mafundi haina ujira wa kila siku, kwa sababu inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa gizani, huvutwa na taa. Zamani karabai, sasa nyingi ni za umeme wa jua. Mbalamwezi inapowaka, mwanga wa taa hupotea ndani yake na boti hupumzika. Siku hizo ndizo ufuko unapojaa nyavu zilizotandazwa, na mafundi wanaketi tangu alfajiri, wakikata, wakipima, wakifunga. Mwezi ukianza kuchelewa kuchomoza, wenye boti huja kuuliza. Fundi huuinua wavu juani, akatazama anga kupitia matundu yake, safu kwa safu, kabla hajaukunja na kumkabidhi mwenyewe.