Jinsi Kipokezi cha Laminini Kilivyopimwa Johannesburg

Kipokezi cha seli ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli, ambayo ikishikwa na molekuli fulani ya nje huifanya seli ibadili mwenendo wake. Na kwa kuwa dawa nyingi zinazotumika leo hufanya kazi kwa kuvishika vipokezi au kuvizuia visishikwe, mtafiti wa dawa mpya hana budi kuthibitisha kwanza kwamba kipokezi anachokishuku ndicho hasa kinacholeta madhara. Uthibitisho huo haupatikani kwa kipimo kimoja, kama inavyoonekana katika kazi za kundi la Stefan Weiss katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, hususan utafiti wa seli za saratani ya ini na ya damu uliochapishwa mwaka 2014.

Kilichochunguzwa ni kipokezi cha laminini. Laminini ni protini ya utando-msingi, yaani tabaka jembamba linalozitenganisha tishu, ambalo seli za saratani hujinatisha kwalo na kisha kulipenya ili zisambae mwilini. Kipokezi chake hupatikana katika maumbo mawili, moja la kilodaltoni 37 na jingine la kilodaltoni 67, kilodaltoni ikiwa ni kizio cha uzito wa molekuli. Ugumu wa kukichunguza unatokana na ukweli kwamba umbo la kilodaltoni 37 halikai juu ya seli tu, bali pia ni sehemu ya ribosomu, mitambo ya ndani ya seli inayounda protini zote.

Kwa sababu hiyo, kiasi cha protini kilipimwa kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, iitwayo westani bloti, seli hupasuliwa, protini zake hutenganishwa kwa umeme ndani ya jeli kulingana na uzito, kisha ile inayotafutwa hutambuliwa kwa kingamwili, hivyo kinachopatikana ni jumla ya protini iliyomo katika seli nzima. Njia ya pili, saitometri ya mtiririko, huzipitisha seli nzima mojamoja mbele ya leza baada ya kingamwili yenye rangi ing'aayo kushikamana na vipokezi, na kwa kuwa utando haujatobolewa, huhesabiwa vile vya nje pekee. Hapa hata namna ya kuzibandua seli kutoka kwenye chombo huwa na uzito: kimeng'enya cha tripsini, kinachotumika kwa kawaida, hukata protini za juu ya seli na kinaweza kuviondoa vipokezi vyenyewe, ilhali kemikali ya EDTA huziachia seli kwa kuikamata kalsiamu inayozishikiza, bila kukata kitu.

Majibu ya njia hizo mbili hayakufanana. Jumla ya protini haikutofautiana sana kati ya seli za ini za HUH-7, seli za damu za K562 na seli za matiti za MCF-7, ambazo zilitumika kama kilinganishi kwa kuwa ni dhaifu katika kupenya tishu. Lakini juu ya utando, seli za ini zilikuwa na vipokezi vingi kuliko kilinganishi hicho, na zile za damu zilikuwa na vichache. Mtafiti ambaye angetegemea westani bloti peke yake angehitimisha kwamba seli hizo hazina tofauti.

Baada ya kuhesabu, ilibaki kupima kazi. Seli za ini zilitiwa kingamwili iitwayo IgG1-iS18, ambayo hukiziba kipokezi hicho kwa nje, kisha zikapimwa jinsi zinavyonata kwenye laminini na jinsi zinavyopenya Matrigel, jeli inayotokana na uvimbe wa panya na yenye laminini nyingi. Uwezo wote huo ulipungua. Katika majaribio ya aina hii, kundi hilo limekuwa likitumia pia kingamwili dhidi ya CAT, protini ya bakteria isiyopatikana katika seli za binadamu, kwa sababu ikiwa nayo ingepunguza kunata, upungufu huo ungetokana na kuongezwa kwa kingamwili yoyote ile, wala si kuzibwa kwa kipokezi.

Ipo pia njia ya kukipunguza kipokezi kutoka ndani, kwa vipande vifupi vya RNA vinavyoharibu ujumbe wa jeni kabla protini haijaundwa. Kundi hilohilo liliitumia mwaka 2013 kwa seli za saratani ya mapafu na ya shingo ya kizazi, na seli hizo zikaanza kujiua. Tokeo hilo linavutia, lakini tafsiri yake ni ngumu zaidi, kwani anayeondoa protini hii anaondoa pia kiungo cha ribosomu, na kifo cha seli peke yake hakionyeshi ni kazi ipi kati ya hizo mbili iliyokatizwa.

Kwa mtafuta dawa, basi, njia hizi hazibadilishani nafasi: RNA huonyesha kama seli inaitegemea protini, kingamwili huonyesha kazi inayofanyika juu ya utando, na saitometri hueleza ni seli zipi zenye shabaha ya kutosha huko nje. Ingawa matokeo ya vyombo vya maabara hayatoshi kuahidi tiba kwa mgonjwa, yanaelekeza kwamba dawa ya kuzuia kusambaa kwa saratani kupitia kipokezi hiki itafutwe kwanza miongoni mwa molekuli zinazokiziba kwa nje na kuiacha ribosomu iendelee na kazi yake.