Nati Iliyoshika Kutu

Anayebadilisha heda za gari husifiwa kwa kelele. Vijana wa Nairobi hukusanyika Jumapili, boneti zimefunguliwa, mmoja anakanyaga mafuta na wenzake wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi sina neno na kelele hiyo, ila naona sifa imepelekwa kusikostahili. Bomba jipya hununuliwa tu. Mwenye pesa hulipata Kirinyaga Road au Grogan kabla ya saa sita mchana, na kelele huja nalo bure. Panapotaka ufundi ni pale pa kulitoa la zamani, lililokaa miaka kumi na tano kwenye moto na matope, bila kuvunja kitu. Kazi hiyo haina mashabiki. Hufanywa na mtu aliyelala chali, vumbi likimwingia machoni, na mimi naipenda kuliko kazi zote za gari.

Kwa asiyezijua, heda ni mabomba ya kwanza kabisa ya ekzosi, yale yanayopokea moshi kwenye kila silinda na kuukutanisha kabla haujashika njia ya kwenda nyuma. Huonekana mabomba ya kawaida, lakini urefu na upana wake una hesabu. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, ndani ya silinda bado mna shinikizo kubwa, na moshi hufyatuka ukisukuma wimbi ndani ya bomba. Wimbi hilo huenda kwa kasi ya sauti, na kwa kuwa moshi una moto wa mamia ya digrii, kasi hiyo hupita mita 500 kwa sekunde, ilhali katika hewa ya kawaida ni kama mita 340. Likifika mahali mabomba yanapokutana na nafasi ikapanuka ghafla, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa imegeuka: lilikwenda likisukuma, sasa linarudi likivuta. Likiwahi valvu kabla haijafungwa, huvuta mabaki ya moshi na kuisaidia hewa mpya kuingia. Bomba refu huwahi injini inapozunguka polepole, fupi huwahi inapozunguka kasi. Mwingereza Philip H. Smith aliandika kitabu kizima juu ya mambo haya mwaka 1962. Mwenye kiwanda anayajua vilevile, ila yeye ana mengine ya kufikiria: bei, ukimya, nafasi chini ya boneti, na sheria za moshi za nchi anazouzia.

Nichukue Subaru, maana Kenya imeipenda gari hii kupita kiasi. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akarudia mwaka 2000, na watoto waliosimama kando ya barabara za vumbi siku hizo leo ndio wanaoagiza Impreza, Forester na Legacy kutoka Japani. Injini yake imelala: silinda mbili kulia, mbili kushoto, pistoni zikipigana ngumi. Kwenye injini za familia ya EJ, ndizo nyingi barabarani kwetu, matundu ya kutolea moshi yanatazama chini. Ni baraka kwa fundi wa nyumbani. Huna haja ya kung'oa nusu ya injini ili uzifikie nati. Unainua gari, unaingia chini, na zote ziko juu ya pua yako.

Hapa pana kichekesho kidogo. Silinda ya kwanza na ya tatu ziko upande mmoja, ya pili na ya nne upande wa pili, na huwaka kwa mpangilio wa moja, tatu, mbili, nne. Maana yake upande mmoja huwaka mara mbili mfululizo, kisha mwingine mara mbili. Kwenye heda za zamani mkono wa upande mmoja ni mrefu kuliko wa mwenzake, kwa hiyo vishindo vya moshi hufika njia panda bila mpangilio sawa, na hapo ndipo unapotoka ule mngurumo wa kugugumia ambao watu huutambua wakiwa bado kitandani. Heda nyingi za kununua zina mikono iliyolingana. Zinapumua vizuri zaidi, ndiyo, lakini zinaufuta mngurumo huohuo. Legacy ya 2003 ilitoka kiwandani na mabomba yaliyolingana, na wapenzi wa Subaru wakalalamika kwamba gari limekuwa bubu. Hata hivyo kila mwaka yupo anayetumia akiba yake kununua heda za mikono sawa ili gari lisikike "Subaru zaidi". Akishafunga, hushangaa.

Mwenye kuuliza atauliza: kwa nini mtu afanye haya mwenyewe? Marekani au Ulaya jibu ni rahisi, saa moja ya fundi ni ghali. Kwetu fundi yuko kwenye kona, bei yake inazungumzika, na jirani akikukuta umelala chini ya gari hudhani umefilisika. Kwa hiyo sababu si kubana matumizi. Fundi hulipwa kwa kazi, si kwa saa, na nyuma yako kuna magari mengine yanamngoja. Nati ikigoma, atavisha bomba refu kwenye mpini wa spana na kuvuta kwa uzito wa mwili wote. Simlaumu, angengoja nati zote za mjini zilainike, watoto wake wangelala njaa. Lakini mwenye gari ana kitu kimoja ambacho fundi hana, nacho ni kesho. Anaweza kupaka mafuta ya kupenya leo jioni, apake tena asubuhi, akaenda kazini kwa matatu, na kurudi kujaribu wakati nati yenyewe iko tayari.

Kabla ya yote, usalama. Jeki ni ya kuinulia tu. Ya kulalia chini yake ni stendi, mbili, juu ya sakafu ngumu. Kama ua wako ni wa murram, weka vipande vya mbao nene chini ya stendi, kwa sababu ardhi iliyokauka juu huwa laini chini. Tenga waya wa hasi wa betri. Sukuma gari kwa mkono kabla hujaingia, likicheza, usiingie.

Halafu nati. Stadi za EJ, yaani boliti zisizo na kichwa ambazo nati hufungwa juu yake, ni za milimita 10 na nati zake huchukua soketi ya 14. Tafuta soketi ya pembe sita, maana ile ya pembe kumi na mbili huteleza na kuila nati mpaka ikawa duara. Angalia pia historia ya gari. Lililotoka kaskazini ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja na kutu tayari tumboni. Lililoishi Mombasa limepata chumvi yake kwa upepo wa bahari. Stadi ni ya chuma na imeingia kwenye kichwa cha injini cha aluminiamu, ambayo ni laini kuliko chuma. Ukilazimisha, moja kati ya mambo mawili hutokea: stadi inakatika, au inatoka na uzi wa aluminiamu. Yote mawili ni msiba.

Kwa hiyo mkono lazima ujifunze kutofautisha. Nati inayoachia hutoa mlio mkavu, "tak", kisha huzunguka kwa ugumu ulio sawasawa. Stadi inayokaribia kukatika haitoi mlio. Inalegea polepole chini ya mkono, kama kashata ambayo bado haijapoa, na hapo ndipo pa kusimama papo hapo. Mtu mzima mwenye nguvu zake hulazimika kujizuia. Unarudisha nati nyuma kidogo, unaikaza tena robo, unairudisha nusu, unapuliza unga mwekundu wa kutu, unapaka mafuta, unaanza upya. Anayetazama kwa mbali huona mtu anayefunga na kufungua kitu kilekile bila akili. Huo ndio ufundi wenyewe, na hauna njia ya mkato. Moto husaidia: tochi ya gesi ielekezwe kwenye nati, si kwenye kichwa cha injini, mbali na bomba la petroli, na kamwe usiwashe pale ulipopulizia mafuta ambayo hayajakauka. Wakati mwingine nati hung'ang'ania stadi na vyote viwili vikatoka pamoja. Shukuru, nunua stadi mpya.

Stadi ikikatika, usione haya kumwita fundi wa kuchomelea. Mafundi wa jua kali wana mbinu moja nzuri sana: huweka nati mpya juu ya kisiki cha stadi na kuichomelea kwa ndani, na joto hilohilo la kuchomelea huivunja kutu iliyoshika uzi. Nimemtazama mmoja akifanya hivyo, akavuta kofia ya kinga na kuniambia, "Mzee, shika spana sasa hivi, ingali nyekundu." Kisiki kilitoka kama hakijawahi kugoma.

Kufunga ni kwepesi baada ya hapo, lakini pana mitego yake. Sugua uso wa kichwa cha injini mpaka ung'ae, weka gasketi mpya, paka nyuzi grisi ya shaba. Nati zote zianze kwa vidole. Usikaze hata moja mpaka flenji ya nyuma nayo imekutana na mwenzake bila kusukumwa, kisha kaza kwa zamu kuanzia kwenye injini kwenda nyuma, kwa kipimo kilichotajwa kwenye kitabu cha gari. Wapo wanaolivuta bomba kwa jeki hadi matundu yalingane. Bomba la chuma cha pua la urefu wa mita moja, joto lake likipanda digrii 500, hurefuka zaidi ya milimita nane; la chuma cha kawaida hurefuka kama sita. Lililofungwa kwa kulazimishwa halina pa kwenda, basi hupasuka penye maungio. Na pakivuja kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje hunyonywa ndani katikati ya vishindo vya moshi, sensa huripoti kwamba hewa ni nyingi, kompyuta nayo huongeza petroli. Mwenye gari huishia kulaumu kituo cha mafuta.

Kabla ya kuwasha, pangusa mabomba kwa spiriti, kwa sababu alama za vidole zenye mafuta huungua na kubaki kwenye chuma cha pua. Washia nje, moshi una kaboni monoksidi, haina harufu na inaua. Kutakuwa na harufu ya mafuta yanayoungua kwa dakika chache, kisha chuma kitaanza kugeuka rangi, dhahabu kwanza, halafu zambarau na buluu karibu na injini. Gari likipoa kabisa, kaza nati tena. Chujio la oili la EJ limekaa jirani ya mabomba hayo, kwa hiyo hata siku ya kubadilisha oili utayakumbuka kwa mkono ulioungua.

Katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, iache mahali pake. Kwenye Subaru nyingi zisizo na turbo imekaa nyuma ya pale heda zinapoishia, haikuzuii chochote, na wanaoikata hufanya hivyo kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu zenye wanunuzi. Silensa nayo ibaki. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, lakini hata bila kanuni, jirani ana mtoto mchanga.

Nguvu utakayopata kwenye injini ya lita mbili isiyo na turbo, bila kurekebisha kompyuta, ni ya farasi wachache, na huenda usiihisi. Anayetaka kujifunza chuma na joto kwa mikono yake aifanye kazi hii. Sijui nyingine inayofundisha vizuri hivi. Lakini kama heda zako za kiwandani hazivuji wala hazijapasuka, na unachotaka ni kwenda kazini na kurudi, ziache zilivyo. Pesa hiyo nunulia tairi.